Neno "Piga" Lina Kazi Nyingi: Lijue, Usije Ukapigwa



Mwenzetu mmoja, mwanakisomo wa siku nyingi, aliletewa barua. Alikuwa amekopa fedha za kununulia mashine ya kusaga mahindi. Marejesho yakachelewa miezi mitatu. Barua ilisema hivi: "Usipolipa katika muda wa siku 14, mashine itapigwa mnada."

Barua ile aliisoma mwenyewe, wala hakumwita mtoto amsomee. Neno "mashine" alilijua. Neno "itapigwa" alilijua. Na "mnada" aliujua pia, maana huku kwetu mnada ni ile siku ya soko, watu wanapouza ng'ombe, mitumba na masufuria. Basi akacheka. Akasema, "Hawa nao! Mashine waipige mnadani ili iweje?" Akaikunja barua, akaichomeka darini.

Siku 14 zilipokwisha, likaja gari na dalali. Dalali akataja bei, watu wakapandishiana, na mashine ikaenda kwa bei ya kutupa. Mwenzetu alisimama pale anaangalia. Kama angeielewa barua siku ile ya kwanza, angekwenda kuomba muda, au angeuza mbuzi wawili akapunguza deni.

Mwenzetu alijua kusoma. Tabu ilikuwa kwamba neno "piga" likikaa karibu na neno jingine, mara nyingi maana ya kupiga kwa fimbo inaondoka, inaingia maana nyingine kabisa. Kupiga mnada ni kuuza kitu hadharani kwa yule atakayetaja bei kubwa kuliko wenzake. Hakuna kinachopigwa hapo.

Leo tumeona tulizungumze neno hili. Tunalitumia tangu asubuhi mpaka usiku, na tumelizoea mno hata hatulitazami tena.

PIGA NI KAMA JEMBE, MPINI NI NENO LINALOFUATA

Ukipewa jembe bila mpini, hulimi. Neno "piga" nalo ni hivyo. Peke yake lina maana moja, yaani kugonga kitu au mtu kwa mkono, fimbo, jiwe au kitu kingine. Lakini likipata mpini, kazi inabadilika. Kwa hiyo ukikutana na "piga" katika maandishi, usisimame hapo. Soma neno la mbele yake kwanza, halafu ndipo utafute maana.

Tuangalie mafungu machache.

Fungu la kwanza ni la sauti. Tunapiga hodi, tunapiga kelele, tunapiga yowe, tunapiga mluzi, tunapiga chafya. Treni ya TAZARA inapiga honi ikikaribia stesheni ya Makambako au Mbeya. Ngoma na zeze tunavipiga kwa mkono, na sauti inatoka. Hapa maana haiko mbali na kugonga.

Fungu la pili ni la kazi inayofanywa na chombo. Tunapiga pasi nguo. Tunapiga mswaki meno. Fundi seremala anapiga randa mbao, na fundi mwashi anapiga plasta ukuta. Mkulima wa nyanya kule Ilula, au wa kahawa kule Mbozi, anapiga dawa kwa bomba la mgongoni. Gazeti hili nalo limepigwa chapa.

Fungu la tatu ni la mwili na mwendo. Mtu anapiga magoti, anapiga hatua, anapiga mbizi mtoni, anapiga miayo akisinzia. Gari linapiga kona.

Fungu la nne ni la shughuli za watu wengi pamoja, na humu ndimo mna mambo mazito. Tunapiga kura. Serikali inapiga marufuku jambo. Dalali anapiga mnada. Mtu anampigia debe mgombea wake. Fungu hili tutalieleza zaidi hapo chini.

Fungu la tano ni la maneno ya mitaani. Vijana wanapiga stori, wanapiga misele, wanapiga kazi. Iringa, mvua zikinyesha na mianzi ikianza kutoa, utasikia, "Twende tukapige ulanzi." Rungwe utasikia mtu amepiga kimpumu. Hakuna anayekwenda na fimbo huko. Ni kunywa tu. Na akirudi anapepesuka, majirani watasema, "Leo amepiga maji," ingawa maji hayakugusa midomo yake.

LUGHA ZETU NAZO ZINASEMA NINI?

Wengi wetu Kiswahili tulikikuta mbele ya safari. Nyumbani tulianza na Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena, Kikinga au lugha nyingine. Mhehe anapotaka kusema kupiga anasema "kutova". Mnyakyusa anasema "ukukoma". Sasa katika Kiswahili, "kukoma" ni kuacha kabisa jambo fulani. Mtu akiambiwa kwa Kiswahili, "Koma kuchunga ng'ombe katika shamba la shule," maana yake aache, asirudie tena. Mgeni wa lugha anaweza kuchanganya. Si aibu. Kila lugha ina njia zake, na njia ya jirani hujifunza kwa kuipita.

HERUFI MOJA INAGEUZA JAMBO

Ninyi mliotoka kisomoni juzi, hapa ndipo pa kutulia. Andikeni maneno haya matatu katika daftari, moja chini ya jingine:

kupiga
kupigwa
kupigiwa

Kupiga, wewe ndiye unayetenda. Kupigwa, wewe ndiye unayetendwa. Kupigiwa, mtu amefanya jambo hilo kwa ajili yako, au amelielekeza kwako. Kati ya "kupigwa" na "kupigiwa" kuna herufi moja tu, yaani "i". Lakini angalia kazi yake.

"Mama amepigwa" ni habari ya kukimbilia ofisi ya kijiji au polisi. "Mama amepigiwa" ni habari ya simu, huenda mwanawe wa Dar es Salaam anamsalimu. Ukiandika ujumbe ukaisahau ile "i", utawaamsha watu usiku wa manane.

Mama mwingine alipelekwa hospitali akiwa ameteguka mguu. Akaambiwa, "Nenda chumba kile ukapigwe picha." Akakasirika. Akasema, "Mimi naumwa, nyie mnataka picha ya nini? Hata kitambaa sikufunga vizuri." Muuguzi akacheka, akamweleza kuwa ni picha ya mfupa, ile inayoitwa eksirei, nayo haihitaji mtu apendeze. Mama akakubali. Lakini fikiria angekataa akarudi nyumbani na mfupa uliovunjika. Mtu aliyezoea lugha ya ofisini asidhani kila anayemsikiliza ameizoea.

KUPIGANA VITA NA KUPIGA VITA

Haya ni maneno mawili yanayochanganywa sana.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, si mbali na Iringa mjini, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walikishambulia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa pale pamoja na askari wake wengi. Siku ile watu walipigana vita. Damu ilimwagika pande zote mbili.

Sasa tusogee mbele. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya 1967, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Wazee wetu wakaingia madarasani, chini ya miembe, kwenye magodauni na makanisani. Tukasema tunapiga vita ujinga. Hapo hakuna aliyeshika mkuki. Kupiga vita jambo ni kulipinga na kufanya bidii liondoke. Ndivyo tunavyopiga vita malaria, kipindupindu na rushwa.

Kwa hiyo ukisoma bango linalosema "Tupige vita ukimwi", usidhani wagonjwa ndio wanaopigwa vita. Tunaupiga vita ugonjwa, na wagonjwa ni ndugu zetu.

KUPIGA KURA NA KUPIGA DEBE

Zamani kura ilikuwa ni ya bahati. Watu wakigawana nyama au viwanja, waliokota vijiti au vikaratasi, na kila mtu akapata lililomwangukia. Hata leo, kikundi cha kukopeshana kikitaka kujua nani aanze kuchukua fedha, wanachama wanapiga kura ya namna hiyo. Baadaye neno hilohilo likaingia katika uchaguzi. Lakini kura ya uchaguzi haina bahati ndani yake. Unachagua kwa akili yako.

Katika uchaguzi mkuu wa 1965, wakati wa chama kimoja, wagombea ubunge wawili walioshindana katika jimbo walipewa alama. Mmoja alipewa jembe, mwingine nyumba. Sababu ilikuwa kwamba wapiga kura wengi hawakuweza kusoma majina. Mtu aliweza kuchagua jembe bila kujua hata jina la mwenye jembe limeandikwaje. Leo wewe unalisoma jina. Hiyo ni hatua kubwa, tusiidharau.

Sasa angalia tena ile "i". Ukisema "nimepiga kura", wewe umechagua. Ukisema "nimempigia kura fulani", umemtaja uliyemchagua, na hulazimiki kumtaja kwa mtu yeyote, maana kura ni ya siri.

Na kupiga debe je? Ukienda stendi ya mabasi, Mbeya au Iringa, utawakuta vijana wanaita abiria kwa sauti: "Makambako! Mafinga! Tunduma, Tunduma!" Hao ni wapiga debe. Debe hawana mkononi, kazi yao ni kuita watu. Vivyo hivyo mtu anayemsifu mgombea, au anayesifu bidhaa fulani, tunasema anaipigia debe. Neno hili si tusi. Lakini ukimsikia mtu anapiga debe sana, jiulize analipwa na nani. Mpiga debe wa stendi hasafiri na basi analolisifu. Likiharibika Kitonga, yeye yuko nyumbani.

"NIMEPIGWA": KUIBIWA KWA MANENO MATAMU

Sasa tuje kwenye maana iliyoenea sana siku hizi. Mtu anarudi kutoka sokoni, hana jeraha wala uvimbe, lakini anasema, "Jamani, leo nimepigwa." Maana yake ametapeliwa. Ameuziwa kitu kibovu, au amelipa bei isiyo yake, au fedha zake zimechukuliwa kwa hila.

Mkulima wa viazi wa Uporoto anaijua maana hii bila kufungua kamusi. Mnunuzi anakuja na magunia yake. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu, viazi vinaendelea kupanda. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa bei ya gunia moja, viazi vimekwenda vya gunia moja na zaidi. Hapo amepigwa, tena mchana kweupe. Sheria ya vipimo hairuhusu lumbesa, na mazao yauzwe kwa mizani. Ukiona mizani, jifunze kuisoma mwenyewe, maana namba nazo ni kisomo.

Na wengine wanapigwa kwa simu. Ujumbe unaingia: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mtu alikuwa kweli anadaiwa na ndugu yake. Anadhani ndiye aliyeandika. Anatuma. Fedha imekwenda kwa mtu asiyemjua. Au anapigiwa simu na sauti ya heshima: "Mzee, umeshinda zawadi, tutajie namba yako ya siri." Mzee anaitaja. Huyo amepigiwa, akapigwa. Umeiona ile "i" tena?

Dawa yake ni hii. Kabla ya kutuma fedha, mpigie ndugu yako kwa namba yake unayoijua siku zote, usikie sauti yake. Namba ya siri usimtajie mtu yeyote, hata akisema anatoka kampuni ya simu. Na ujumbe wa kitapeli ukiingia, namba iliyoutuma ipeleke kwenye 15040. Hiyo imewekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo.

KUPIGA DILI

"Dili" ni neno lililotoka kwenye Kiingereza, na kwao maana yake ni makubaliano ya biashara. Lilipoingia kwetu likabadilika tabia. Mara nyingine mtu akisema "nimepiga dili", amepata kazi ndogo ya halali, kama kupakia mbao lori moja kule Mafinga. Lakini mara nyingi neno hili linanuka. Linataja mapatano ya gizani, ambapo wawili wanapata na kijiji kinakosa.

Baada ya Uchaguzi Mkuu wa 2015, maneno "wapiga dili" yalisikika sana katika hotuba za Rais John Magufuli, hadi alipofariki Machi 2021. Siku hizi watu wanafupisha zaidi. Fedha za umma zikipotea, wanasema kuna "upigaji", na wahusika wanaitwa "wapigaji". Ukimsikia mtu wa leo anasema, "Fulani amepiga hela," uliza kwanza. Huenda ni sifa, kwamba biashara yake imemlipa. Huenda ni shutuma, kwamba ameiba. Maneno ni yaleyale, maana ni mbili, na umbali kati yake ni mkubwa kama kutoka nyumbani mpaka gerezani.

Kwa sababu hiyo tunawapa ushauri. Kijiweni sema utakavyo, lakini mkutanoni na katika maandishi chagua maneno yaliyonyooka. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane angalau kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Ukiona hesabu haikai sawa, usisimame ukasema, "Katibu amepiga!" Mkutano utageuka ugomvi, na yeye atadai umemkashifu. Sema hivi: "Tulichanga shilingi laki sita za bati. Bati zilizonunuliwa ni za laki nne. Tunaomba stakabadhi za laki mbili zilizobaki." Halafu mwombe mwandishi aandike maneno hayo katika muhtasari, na uusome muhtasari huo kabla haujapigwa muhuri. Swali la namna hiyo halina matusi, na ni gumu kulikwepa. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

KARATASI IKILETWA, FANYA HIVI

Tumrudie mwenzetu wa mashine. Tulikaa naye, tukatengeneza taratibu hii, na yeye mwenyewe ametuomba tuiandike ili wengine wasipite njia yake.

Kwanza, isome karatasi yote, pole pole, mara mbili. Usione haya kutembeza kidole.

Pili, kila unapokuta "piga", "pigwa" au "pigiwa", pigia mstari neno hilo pamoja na neno linalofuata. Andika pembeni maana unayoidhani.

Tatu, kama maana haikukaa sawa, muulize mtu zaidi ya mmoja, na mmoja wao asiwe yule aliyeileta karatasi. Kama kuna Kamusi ya Kiswahili Sanifu shuleni au maktaba, iangalie. Kamusi hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Mwalimu atakuonyesha mahali pa "piga".

Nne, kama karatasi ni ya mkopo, tafuta kitakachotokea usipolipa. Angalia kama kuna maneno "kupigwa mnada", na ni mali gani imetajwa. Ni mashine? Ni shamba? Ni nyumba mnayolala? Usiweke sahihi wala dole gumba kabla hujajua. Mwenzio wa nyumbani naye asome. Nyumba ya familia haiwekwi rehani na mtu mmoja kwa siri, kwa maana Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mke au mume naye akubali kwa sahihi yake.

Tano, barua ya madai usiiweke darini. Ijibu, au nenda na miguu yako kabla ya tarehe iliyotajwa. Mdai anayekuona mlangoni husikiliza kuliko yule anayengoja kimya.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kuna tofauti gani kati ya "kupigana vita" na "kupiga vita"? Toeni mfano mmoja wa kijijini kwenu.

2. Andikeni sentensi tatu, moja yenye "kupiga simu", moja yenye "kupigiwa simu", na moja yenye "kupigwa" kwa maana ya kutapeliwa.

3. Katika kijiji chenu, watu wanapigwa zaidi wapi: kwenye magunia, kwenye simu, au kwenye mikopo? Mnaweza kufanya nini pamoja?

4. Lugha yenu ya nyumbani inasemaje "kupiga simu"? Je, inatumia neno lile lile la kupiga kwa fimbo?

Mwenzetu yule sasa anakusanya fedha za mashine nyingine, safari hii kutokana na mahindi yake mwenyewe. Barua ile bado anayo. Ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu pale penye neno "itapigwa", na anawaonyesha wanakisomo wapya wanaoanza. Anawaambia, "Kuuliza kungenigharimu nusu saa. Kutouliza kumenigharimu mashine."